Debe la Sadaka ya Mavuno

Nimeokoka mara nne. Nalisema hili mapema ili mtu asinipe utakatifu ambao sina. Mara ya kwanza nilikuwa msichana wa shule, ndani ya hema lililosimamishwa karibu na soko la Matuu. Mara ya pili nilikuwa nimeshaolewa. Ya tatu na ya nne zilifuatana mwaka mmoja, kwa wahubiri wawili waliokuja na jenereta na vipaza sauti vikubwa. Kila mara nililia kweli. Kila mara nilirudi nyumbani mwili mwepesi, nikaimba nikifua, nikamsamehe mama mkwe hata makosa ambayo hakujua ameyafanya. Halafu ikifika wiki ya tatu hivi furaha inaanza kupungua, na siku moja naamka nakuta imekwisha kabisa, nimebaki na hasira zangu zile zile na sufuria za kuosha.

Mume wangu alifanya kazi kiwandani Athi River na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Alinitania sana. "Umeokoka tena? Kwani ile ya kwanza iliharibika?" Nilimwambia anyamaze, lakini swali lilinikaa. Sikuwa naigiza. Nilitaka kitu ambacho kingekaa ndani yangu kisiondoke, na nilidhani shida ni kwamba sijapata mhubiri wa kutosha.

Nyumbani kwetu ni Yatta, na kanisa letu lilikuwa la mabati, la watu wachache, wengi wao wanawake. Humo kulikuwa na mjane mmoja mzee ambaye sote tulimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Aliishi na mjukuu wake, msichana wa miaka kumi hivi, ambaye mama yake alikuwa amefariki. Binti mwingine wa Susu aliuza matunda Matuu na kuwaletea alichoweza. Susu hakuwa mtu wa kupiga kelele ibadani. Alikaa benchi la pili akisuka kiondo, hata mahubiri yakiendelea, na mchungaji alikuwa amechoka kumkataza. Nilipotoka kwenye hema la nne nilimpitia kwake nikamweleza vile moto ulinishukia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa hiyo furaha inakufanyia kazi gani ukifika nyumbani?" Nikaona ni wivu wa uzee. Niliondoka nimenuna, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimsalimia kwa mbali.

Mambo ninayotaka kuyaeleza yalitokea mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baada ya misimu miwili bila mvua. Mvua ya tatu ikaja, kidogo, lakini ikaja. Mahindi yakabeba. Watu walikuwa na njaa ya muda mrefu, na wezi walianza kuingia mashambani na kuvunja mahindi kabla hayajakauka. Kwa jirani yetu waliacha mabua matupu. Basi kila mtu akafanya alichofanya mwenzake: tukavuna mapema, mahindi yakiwa bado na unyevu, tukayaingiza ndani ya nyumba. Ghala lilikuwa nje, na nje hapakuwa salama. Mimi niliyapukuchua, nikayatia kwenye magunia, nikayalaza sakafuni moja juu ya jingine kwenye chumba cha kulala. Juu nikatandika godoro, na watoto wangu wawili wakalala hapo. Sakafu ilikuwa ya udongo. Hakuna aliyetuambia tunakosea. Tulijiona wajanja sana.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilianza vile sote huanza, bwana asifiwe, nimeokoka, nampenda Yesu kama mwokozi wangu binafsi. Nikasema jinsi wezi walipita kulia na kushoto wasiguse shamba langu, kwa sababu mimi ni wa Bwana na Bwana hulinda walio wake. Jirani aliyeibiwa alikuwa ameketi mbele yangu, na yeye pia alikuwa ameokoka. Sikufikiria hilo. Nilipigiwa makofi, nikakaa chini nimeridhika.

Wiki chache baadaye ikatangazwa siku ya sadaka ya mavuno. Kwetu sadaka hiyo hailetwi kwa bahasha. Unaleta ulichovuna: mahindi, kunde, mbaazi, kuku ukiwa naye. Miaka mizuri vitu hivyo hupigwa mnada hapo hapo nje ya kanisa, na kwa kelele na kicheko huuzwa. Mwaka ule mchungaji alisema kila mtu alete debe moja akiweza, hata nusu.

Nilifungua magunia. La juu lilikuwa sawa, mahindi meupe, makavu, yananukia shamba. Lile la chini, lililokuwa limelalia udongo, nilipotia mkono nikasikia joto. Upande wa chini punje zilikuwa zimeshikana, nyingine na rangi ya kijani, nyingine kama zimepakwa majivu. Harufu ilikuwa ya nguo iliyoachwa na maji kwenye beseni. Nilizitenga. Zilikaribia kujaza debe zima.

Niseme wazi nilichofanya, maana nimeshakisema mbele ya watu na hakinitishi tena kukiandika. Niliyaosha yale mahindi mabaya kwa maji matatu. Nikayasugua kwa mikono mpaka kijani kikatoka. Nikayaanika kwenye turubai kutwa nzima, nikayapepeta. Yalipopoa harufu ilikuwa imepungua, haikuisha. Nikayatia kwenye debe, na juu yake nikamwaga viganja viwili vya mahindi mazuri kutoka gunia la kwanza. Nilijiambia litachukuliwa na mtu mwenye kuku. Nilijiambia mwaka wa njaa Mungu anaelewa. Nilijiambia nina watoto. Hiyo ya watoto ndiyo niliitegemea zaidi.

Siku yenyewe niliingia kanisani na debe kichwani nikiimba pamoja na wengine, nikaliweka mbele. Mwaka ule mnada haukuwepo. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kununulia. Wazee wa kanisa walipiga maombi, kisha wakagawa vitu kwa wajane na kwa wale ambao hawakuvuna kabisa. Nilimwona mzee mmoja akishika debe langu, akaangalia juu, akaona weupe, akasema, "Hili zuri, apewe Susu." Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Ningeweza kusema. Ningeweza hata kudanganya, niseme nimekosea, ni la mbegu, nitaleta jingine. Nilinyamaza. Susu aligeuka akanitafuta kwa macho akaniambia ahsante, na mjukuu wake akasaidiwa kulibeba.

Baada ya kama wiki tatu watu wakaanza kuugua. Kwanza tulisikia upande wa kule mtoni, kisha karibu. Macho yanageuka manjano, tumbo linavimba, mtu anatapika mpaka anakosa nguvu ya kukaa. Watu walisema ni kurogwa, wengine wakasema ni maji. Kisha watu wa afya wakaja na gari, wakaingia nyumba kwa nyumba wakiuliza kuhusu mahindi. Ndio walitueleza kwamba mahindi yakiwekwa na unyevu yanashika kuvu, na hiyo kuvu ni sumu inayokula ini, na kuosha hakuitoi, kupika hakuitoi. Yule kijana wa afya aliyekuja kwangu alitia mkono kwenye gunia lililobaki, akanusa, akaniambia, "Mama, haya yako mazuri. Una bahati."

Susu alipelekwa hospitali siku ile ile. Nilisikia kutoka kwa mwanamke mwenzangu wa kwaya, aliyeniambia huku akitikisa kichwa, "Na yule msichana hana hata kichefuchefu. Ajabu ya Mungu."

Nyumbani kwangu hakuna aliyeumwa hata kichwa. Hilo ndilo lilinimaliza. Ningeugua ningejua nafanya nini, ningelala. Nilikuwa mzima, napika, wanangu wanakula na kuomba kuongezwa, na kila punje iliyoingia midomoni mwao ilikuwa ile niliyomnyima mtu mwingine. Niliomba. Niliomba kwa maneno yote niliyofundishwa kwenye mahema, nikafunga siku mbili, nikalia. Hakuna chochote kilichoshuka. Nilikuwa naongea na mabati.

Alhamisi mchungaji alinijia nyumbani, mtu mwema tu, mwenye haraka. Alisema watu wameingiwa na hofu na wanahitaji kutiwa moyo. "Dada, wewe ulishuhudia vile Mungu alilinda mahindi yako na wezi. Sasa ona, amekulinda na ugonjwa pia. Jumapili nataka umalizie huo ushuhuda." Nikamwambia sawa. Nilisema sawa. Alipokunywa chai na kuondoka nilimwachia jirani watoto, na asubuhi yake nikaenda Machakos, hospitalini.

Wodi ilikuwa imejaa. Vitanda vingine vilikuwa na watu wawili, na wengine walilala chini kwenye blanketi walizotoka nazo nyumbani. Wengi walikuwa watu wa kwetu, nyuso ninazozijua sokoni, lakini za manjano. Susu alikuwa kitanda cha mwisho, peke yake, kwa sababu hali yake haikuruhusu alazwe na mgonjwa mwingine. Tumbo lake lilikuwa limepanda juu ya shuka, na mikono, ile mikono ambayo haikupumzika, ilikuwa imetulia. Kiondo kilichokuwa hakijaisha kilikuwa chini ya mto.

Nilikaa pembeni ya kitanda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani na yote yakapotea. Nikasema tu, "Susu, lile debe. Nilijua."

Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia, akainua kidole kunizuia.

"Mwanangu, nimepika mahindi miaka yangu yote. Kwani unafikiri pua yangu ilikufa? Nililifungua jioni ile ile nikasikia harufu. Nikaona umeyaosha. Mahindi ya kutoka shambani hayaoshwi."

"Sasa kwa nini ulikula?"

"Njaa," akasema. "Sikujua ni sumu. Nilijua tu ni mabaya. Tumekula mabaya mara nyingi, hata wewe mama yako alikula." Akapumzika. Kuongea kulimchosha vibaya. "Yale ya juu yalikuwa mazuri. Niliyachagua moja moja, nikampikia mtoto. Na ule unga wa msaada wa njaa ninaogawiwa, huo ni wake. Mimi nikala ya chini."

Nilishindwa kumwangalia. Alikuwa na debe lile lile nililokuwa nalo mimi, la juu zuri na la chini bovu, na akaligawanya kinyume cha vile nilivyoligawanya. Hakufanya hivyo ili anifundishe chochote. Hakuwa akijua kama nitakuja. Alifanya hivyo jikoni kwake, mtu mmoja na mtoto mmoja, na hakuna aliyempigia makofi. Nikakumbuka swali lake la kazi ya furaha na nikaona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

Nikamwambia nimeomba na Mungu hanijibu. Nikamwambia siwezi hata kusema jina lake. Nilikuwa nalia na kamasi zinatoka, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza uso.

"Wewe uliosha mahindi," Susu akasema. "Sasa unajiosha na wewe, ukishatakata ndio umwendee. Hutatakata. Nenda hivyo hivyo na hiyo harufu. Yeye alikuja kwa ajili ya hiyo." Kisha akaongeza, "Mimi nimekusamehe tangu jioni ile. Nilikuwa na kisirani, nikakusamehe, nikapika. Sasa toka, nilale. Na lile debe liko nusu. Ulitoe nyumba yangu mtoto asije akaligusa."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nilirudi siku ile ile nikapitia kwake, nikalitoa lile debe, nikachimba shimo nyuma ya shamba langu, si lake, nikamwaga na kufukia. Mjukuu wake alisimama akinitazama nikilibeba. Aliniuliza, "Susu amesema uchukue?" Nikamwambia ndiyo. Nikaongeza, kwa sababu tayari nilikuwa nimeanza na sikujua kuacha, "Ni mimi nililileta."

Susu alikufa Jumamosi.

Jumapili mchungaji aliniita mbele. Binti wa Susu alikuwa amefika kutoka Matuu na alikaa benchi la pili, pale pa mama yake, na yule msichana ubavuni. Nilisimama. Sikuanza na bwana asifiwe. Nilieleza habari ya gunia la juu na gunia la chini, maji matatu, turubai, viganja viwili vya juu. Nilieleza vile niliona debe likipewa Susu nikanyamaza. Sauti yangu haikutetemeka, jambo ambalo wengine walilichukua kuwa ni moyo mgumu. Nilipomaliza hakuna aliyesema amina. Binti wa Susu aliinuka polepole, akamshika msichana mkono, wakatoka. Mlango wa mabati ukajifunga nyuma yao.

Mchungaji alinikasirikia. Aliniambia baadaye kuna mambo ya kusemwa ofisini. Niliondolewa kwenye kwaya, na hilo lilikuwa haki. Kwenye matanga wanawake walileta mahindi na maharagwe ya kupikia waombolezaji isyo, na mmoja wao alinijia njiani kwa upole akaniomba nisilete chochote cha kula. Basi nilichota maji. Siku nne nilikwenda mtoni na punda, asubuhi mpaka jioni, nikijaza mapipa. Niliona maji yangu yanaoshea sufuria tu. Ya kunywa walichota wao.

Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi alikuwa ameshasikia. Hakunitania. Aliniuliza tu, "Tuhame?" Alikuwa na mtu wa kumpangishia chumba kule Kinanie, karibu na kazi. Nilitaka sana kusema ndiyo. Kabla ya hapo, kila furaha ilipokwisha nilihama kanisa, nikatafuta hema jingine. Nikamwambia hapana, na sikuweza kumweleza kwa nini. Nilikuwa nimeambiwa niende hivyo hivyo, na hapo Yatta ndipo harufu yangu ilipojulikana.

Basi nikakaa benchi la mwisho, mwaka mmoja, miwili, mitatu. Jumapili nyingine sikuhisi chochote. Niliimba kwa midomo. Nyumbani niliomba nikipeta mahindi, maneno machache, mara nyingi yale yale: hivyo hivyo, Bwana, hivyo hivyo. Sikulia. Sikuwa mwepesi. Uzito wa Susu niliamka nao na nikalala nao, na niko nao hata leo. Lakini wiki ya tatu ikapita, mwezi ukapita, na siku moja nikiwa nasugua sufuria nikashtuka kwamba nimeacha kungojea kuishiwa. Kulikuwa na kitu pale chini, kimetulia, ambacho hakikuletwa na jenereta na hakikuwa furaha, na nilikiogopa kidogo kwa sababu kilikuwa kinanijua. Sijaokoka mara ya tano.

Binti wa Susu hakunisalimia miaka yote hiyo. Tukikutana sokoni Matuu alipanga matunda yake mpaka nipite. Sikumlaumu, na hata leo hatusalimiani. Yule msichana aliishi naye, akamaliza shule, akarudi kuishi kwenye nyumba ya nyanya yake kulima. Hapo mvua zilikuwa zimerudi na mnada wa sadaka ya mavuno umeanza tena. Kila mwaka nilileta debe langu. Kila mwaka lilinunuliwa mwisho, na mzee wa kanisa, kwa huruma.

Mwaka ule aliporudi nilileta debe kama kawaida. Mwenye kunadi aliliinua, akataja ni la nani, kama ilivyo desturi, na watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Msichana akainua mkono. Hakuna aliyeshindana naye. Alikuja mbele, akapiga magoti kando ya debe, akaingiza mkono, si juu, akauzamisha mpaka kwapa lilipogusa ukingo, akatoa punje za chini kabisa. Akazinusa. Watu wote walimtazama, na mimi nilikuwa nimeshika ukuta wa kanisa.

Akazirudisha. Alipopita karibu yangu na mzigo mgongoni alisimama, akasema bila kuniangalia, "Haya nayapika leo. Uje."

Nilienda. Jiko lilikuwa lile lile, na kiondo ambacho hakikuisha kilikuwa kimetundikwa ukutani. Alipakua sahani mbili, akaweka moja mbele yangu. Mkono wangu ulikataa kuinuka. Akaniangalia, mara ya kwanza tangu siku ile ya debe, kisha akachota kwenye sahani yake akala, akatafuna, akameza, akaningoja.